Deni la Oksijeni Kati ya Seti

Mtazameni mtu aliyemaliza skwati nzito (kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani), marudio 8. Chuma kimesharudi kwenye stendi, lakini anahema kuliko alipokuwa amekibeba. Seti, yaani mfululizo wa marudio bila kupumzika, ikiwa ya sekunde 30 haisubiri oksijeni. Misuli iliyokazwa hubana mishipa yake yenyewe ya damu, na kazi huendeshwa na akiba ya fosfokreatini (kemikali ya nishati ya haraka ndani ya misuli) pamoja na sukari inayovunjwa bila oksijeni. Malipo huja baadaye.

Miaka ya 1920 mwanafiziolojia A. V. Hill wa Uingereza aliyaita malipo hayo deni la oksijeni. Alidhani ni gharama ya kuondoa asidi ya laktiki. Jina limedumu, maelezo hayakudumu: dakika za mwanzo sehemu kubwa huenda kujenga upya fosfokreatini na kujaza oksijeni iliyotoka kwenye damu na misuli. Ujenzi huo hautaki njia ya mkato, unataka oksijeni. Ukifunga paja kwa mkanda damu isipite, ujenzi husimama kabisa.

Takriban nusu ya fosfokreatini iliyopungua hurudi kwa sekunde 30. Basi dakika 1 ni robo tatu, dakika 2 karibu asilimia 94. Misuli iliyofanyishwa kazi hadi ikashindwa hujaa asidi, nayo huchelewa zaidi.

Anayepumzika sekunde 20 anakopa tena kabla hajalipa nusu. Deni linarundikana, mapigo ya moyo hayashuki, na hata baada ya mazoezi oksijeni inaendelea kutumika zaidi ya kawaida. Hapo wengi hushangilia kwamba mafuta yanaungua. Haya, tuhesabu: lita 1 ya oksijeni ni takriban kilokalori 5. Lita 8 za ziada ni kilokalori 40, basi! Na kwa ajili ya hizo, aliyeanza na marudio 8 anajikuta seti ya tatu akiambulia 4 kwa uzito uleule. Kazi aliyoipoteza ina thamani kuliko kuhema alikokupata.

Kwa uzito unaoweza kuuinua marudio 1 hadi 5 tu, pumzika dakika 3 hadi 5. Kwa misuli midogo kama ya mkono, sekunde 60 hadi 90 zinatosha. Anza kuhesabu chuma kinapogusa stendi, si simu inapowekwa mfukoni. Tembea polepole, kwa sababu misuli ya miguu ndiyo husukuma damu irudi juu. Anayesimama kama nguzo baada ya skwati huweza kushikwa na kizunguzungu. Marudio yakipungua zaidi ya 2 toka seti hadi seti, ongeza sekunde 60 za kupumzika kabla hujafikiria kupunguza uzito.