Pikipiki haikai sailensi, usikimbilie skrubu ya resi

MTANGAZAJI: Haya karibuni tena, leo fundi nna swali ambalo watu wanauliza kila siku. Pikipiki haikai sailensi, yaani ule mngurumo wa chini bila kushika resi, ukiachia resi inazima, ukipiga resi ghafla inajikwaa kwanza ndo ivute, na wengi wanakaza tu ile skrubu ya resi maisha yanaendelea.

FUNDI: Na ndo wanapoharibu dada. Ile skrubu inanyanyua tu kidogo pistoni ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, injini inapumua zaidi inakimbia, ila ugonjwa umeufunika, uko palepale.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo twende skrubu ya mchanganyiko, ile inayopima hewa na mafuta ya sailensi?

FUNDI: Subiri, bisibisi weka chini kwanza. Eakilina, kichujio cha hewa, haijaziba? Plagi nzima? Valvu zimepimwa? Halafu ule mpira unaounganisha kabureta na injini, ukichanika hata kidogo unavuta hewa ya pembeni na hapo utageuza skrubu mpaka jua lizame. Nyunyizia maji kidogo pale kwenye maungio injini ikiwa inanguruma, mlio ukibadilika mwizi wako huyo. Kuna wanaonyunyizia petroli, mi siwezi, injini ya moto ile jamani.

MTANGAZAJI: Haha haya, tumeshakagua, kila kitu safi.

FUNDI: Zima, funga skrubu ya mchanganyiko taratibu mpaka iguse, usiikaze, ncha yake nyembamba inaharibika. Kisha fungua mzunguko mmoja na nusu, hapo ni pa kuanzia tu, kama una kitabu cha pikipiki yako fuata kilichoandikwa. Washa, iache ipate moto kabisa, choki, ile ya kuwashia injini baridi, usiisahau imevutwa.

MTANGAZAJI: Hapo ndo watu wanabishana, mwingine anasema kufungua kunaongeza mafuta, mwingine anasema kunapunguza.

FUNDI: Na wote wanaweza kuwa sahihi, angalia skrubu imekaa wapi. Ikiwa upande wa eakilina hiyo ni ya hewa, ukifungua mchanganyiko unakuwa mwepesi, mafuta kidogo. Ikiwa upande wa injini ni ya mafuta, ukifungua unakuwa mzito, mafuta mengi. Sasa geuza robo robo, kila robo subiri kidogo usikilize, unatafuta pale injini inapokimbia zaidi na mlio umetulia, ukipapata ndo sasa unarudi kwenye skrubu ya resi unaishusha, pikipiki nyingi ndogo zinakaa vizuri kwenye mizunguko 1,300 mpaka 1,500 kwa dakika.

MTANGAZAJI: Na kama nageuza wee haibadiliki chochote?

FUNDI: Hapo jeti ndogo ya sailensi, ile yenye kitundu cha kupitisha mafuta, imeziba. Hasa pikipiki iliyolala muda mrefu, mafuta yanakauka yanaacha gundi. Ifungue, dawa ya kabureta na upepo wa kompresa, waya wa chuma hapana, unatanua tundu halafu mafuta yanazidi milele. Na kama inakaa vizuri ukiwa umefungua zaidi ya mizunguko mitatu, au karibu umefunga kabisa, saizi ya jeti ndo haifai.

MTANGAZAJI: Sailensi imekaa, ila resi bado nzito katikati.

FUNDI: Hiyo ni habari nyingine, skrubu ile nguvu yake inaishia kama robo ya resi. Kuanzia robo mpaka robo tatu anayetawala ni sindano iliyoshikwa kwenye pistoni ya kabureta, resi ikiwa wazi kabisa ni jeti kubwa. Sindano ina kiklipu kinachokaa kwenye mifereji yake, ukikishusha mfereji mmoja sindano inapanda na mafuta yanaongezeka. Inakohoa kama imekosa mafuta, shusha kiklipu. Inavuta kizito na plagi inatoka nyeusi ya masizi, pandisha. Mfereji mmoja tu, kisha endesha.

MTANGAZAJI: Zile kabureta zenye mpira mwembamba juu je?

FUNDI: Hizo kabla ya sindano mulika ule mpira na taa, ukitoboka pistoni hainyanyuki vizuri, resi inakuwa butu na hakuna skrubu itakayokusaidia, nunua mpira mwingine.