Uhuru wa Mtoto ni Kazi ya Mtaa Mzima

Ndugu wazazi, walezi na walimu, nashukuru kwa kunialika. Niende moja kwa moja kwenye hoja.

Mwaka 1971 watafiti nchini Uingereza waliuliza jinsi watoto wanavyokwenda shule. Kati ya wale wa miaka 7 na 8, asilimia 80 walikwenda bila kusindikizwa na mtu mzima. Mwaka 1990 Mayer Hillman na wenzake wakarudia uchunguzi ule. Safari hii walikuwa asilimia 9. Watoto walikuwa wa umri uleule, na haiingii akilini kwamba katika miaka 19 walipungukiwa na akili ya kuvuka barabara.

Kuna jambo lingine ambalo Hillman aliliona, nalo ndilo lililonifanya niisome kazi yake kwa makini. Katika kipindi hicho vifo vya watoto barabarani vilipungua, na wakuu wa serikali wakasema barabara zimekuwa salama zaidi. Hillman akawapinga. Barabara hazikuwa salama zaidi. Watoto ndio walioondolewa barabarani. Hatari ilibaki palepale, tena magari yakazidi, na aliyelipa gharama ni mtoto aliyefungiwa ndani.

Mtoto anapoteza nini akikaa ndani, au akitoka kila mara na mtu mzima pembeni? Nitawapa mfano mmoja tu. Watoto wanacheza mpira, mpira unatoka, mmoja anasema haukutoka. Refa hakuna. Wanabishana, sauti zinapanda, mwenye mpira anatishia kuuchukua na kuondoka. Hapo ndipo wanapojifunza. Mwenye mpira anajua akiondoka hatakuwa na wa kucheza naye. Wenzake nao wanajua wakimbana sana, mchezo umekwisha. Mmoja analegeza, wanakubaliana mpira urushwe upya, mchezo unaendelea. Sasa atokee mtu mzima, mwenye nia njema kabisa, aseme, "Umetoka, mpe mwenzako." Wote wanageuka kumtazama yeye, kila mmoja anaanza kushtaki. Ubishi utaisha, sikatai, ila walichokuwa karibu kukiweza wenyewe kimeshachukuliwa mikononi mwao.

Mwaka 2023 watafiti Peter Gray, David Lancy na David Bjorklund waliandika katika jarida la tiba ya watoto la Marekani kwamba kupungua kwa nafasi ya watoto kucheza na kutembea wenyewe, kwa miongo mingi, ni sababu kubwa ya kuzorota kwa afya yao ya akili. Wapo wanaopingana nao juu ya uzito wa sababu hiyo. Mimi wananishawishi, kwani mtoto ambaye hajawahi kupotea njia akajirudisha mwenyewe atautoa wapi ujasiri wa kuamini kwamba anaweza?

Najua mnachotaka kuniuliza: je, akidhuriwa? Swali hilo ni la haki, na sitalipuuza. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Kwa hiyo mzazi anayeogopa gari haogopi kivuli. Kuhusu watu wabaya, wengi wanaowadhulumu watoto kingono ni watu ambao watoto hao wanawajua, mara nyingine ndugu wa ndani kabisa. Mlango uliofungwa haumkingi mtoto na mtu aliye ndani. Kinachomsaidia ni kujua kwamba mwili wake ni wake, kwamba siri ya namna hiyo haitunzwi, na kwamba akisema atasikilizwa, hata kama anayemtaja ni mtu wa heshima.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaowaambia wazazi, "Punguzeni woga tu, waachieni watoto." Mzazi mmoja akimwachia mwanawe peke yake katika mtaa ambao watoto wengine wote wamefungiwa, mtoto huyo hana wa kucheza naye, hana mkubwa wa kuvuka naye, na majirani watamnong'ona mama yake. Jimbo la Utah kule Marekani lililazimika kutunga sheria mwaka 2018 kueleza kwamba kumwacha mtoto anayejiweza atembee kwenda shule au acheze nje si kumtelekeza. Mambo yalikuwa yamefika huko! Japani, kwa upande mwingine, watoto wa shule za msingi katika maeneo mengi huenda kwa makundi, wakubwa wakiwaangalia wadogo, na watu wazima wa mtaani hujitolea kusimama kwenye vivuko. Pontevedra, mji wa Hispania, ulianza mwaka 1999 kuyaondoa magari katikati ya mji na kupunguza mwendo wa yaliyobaki, na watoto huko huenda shule kwa miguu. Hawa hawakumtwika mama mmoja mzigo wote.

Basi nawaomba mambo machache. Mkubaliane majirani kadhaa muda wa kuwatoa watoto kwa pamoja. Mdai mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa mahali watoto wanapopita. Dereva anayekimbiza gari pale ameingilia malezi yenu. Mtoto mdogo, tembea naye njia ile mara nyingi, kisha yeye atangulie na wewe umfuate kwa mbali, kisha umsubiri nyumbani. Umri gani? Siwezi kuwapangia, mnawajua wenyewe.

Jambo la mwisho ni watoto wa kike. Kaka anaachiwa, dada wa umri uleule anaambiwa abaki, na tunaita hiyo tahadhari. Kama njia haifai kwa msichana, haijatengenezwa bado, na kuitengeneza ni kazi yetu sisi tuliokaa hapa. Nitapokea maswali sasa, na ningependa tuanzie hapo.