Rush Limbaugh na hesabu ya dakika

Asalaam aleikum ndugu zangu wa Tanga, kuanzia Ngamiani barabara ya kwanza mpaka ya 21, Makorora, Chumbageni, na nyie mlioko Pangani na Muheza. Wazee wangu wa baraza, shikamooni.

Leo naongea zaidi na vijana mnaotaka kufungua chaneli za uchambuzi wa siasa. Mmeambiwa ukitaka watu, tukana. Na anayetolewa mfano ni Rush Limbaugh, mtangazaji wa redio mhafidhina wa Marekani, eti alitukana mpaka akawa tajiri. Basi tumfungue huyu mtu kama fundi anavyofungua redio, tuone ndani mna nini. Siasa zake sizikubali, na palipo pabaya nitapataja. Lakini kazi yake lazima ieleweke, maana mnaiga ganda.

Alizaliwa 12 Januari 1951 Cape Girardeau, mji wa jimbo la Missouri kando ya mto Mississippi. Ukoo wa wanasheria, yeye chuo kikamshinda. Akawa mpiga muziki redioni kwa jina la bandia, Jeff Christie, akafukuzwa stesheni zaidi ya moja. Mwaka 1979 akaiacha redio kabisa, akaenda kufanya kazi ofisini kwa timu ya besiboli ya Kansas City Royals. Mwaka 1984 ndipo akapata nafasi stesheni ya KFBK, Sacramento, California. Na aliipataje? Aliyekuwa kwenye kiti kile, Morton Downey Jr., aliondoka kwa sababu ya mzaha wa kuwadhalilisha Wachina. Kwa hiyo hata mlango wa kwanza wa Limbaugh ulifunguliwa na tusi lililomponza mwenzake.

Sasa sheria. Tangu 1949 Marekani ilikuwa na kanuni ya kutenda haki hewani: stesheni ikigusa jambo lenye mabishano, na upande wa pili usikike. Agosti 1987 mamlaka ya mawasiliano, FCC, ikaifuta. Bunge lilikuwa limejaribu kuifanya sheria kamili, Rais Reagan akakataa kutia saini. Wengi husema Limbaugh ni mtoto wa uamuzi ule. Mimi naona ni nusu ya habari, kwa sababu kule Sacramento alikuwa ameshaanza kuongea peke yake miaka mitatu kabla. Kilichobadilika ni woga wa wenye stesheni: sasa wangeweza kumweka mtu wa upande mmoja masaa matatu bila kuhofia leseni.

Nyie huko msichukue hilo kama lenu. TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ina kanuni za maudhui ya mtandaoni tangu 2018, zikaandikwa upya 2020 na zimerekebishwa tena baada ya hapo. Kabla hujanunua hata kipaza sauti, soma zinazotumika leo, ujue chaneli yako inahitaji leseni ya aina gani. Anayeiga lugha ya mtu anayelindwa na Katiba ya Marekani, huku yeye yuko Tanga, anajitafutia kesi.

Jambo la pili ni mitambo. Kufika miaka ya 1980 muziki ulikuwa umehamia FM, maana sauti ya FM ni safi. AM ikabaki na mawimbi yanayofika mbali lakini yenye mikwaruzo. Wazee waliokuwa wakihangaika na redio ya mbao usiku wanaujua mkwaruzo ule. Muziki huharibika humo, maneno hayaharibiki. Kwa hiyo nchi nzima ilikuwa na stesheni za AM zenye antena, zenye umeme, zisizokuwa na cha kurusha mchana.

Hapo akaingia Ed McLaughlin, aliyewahi kuongoza redio za ABC. Tarehe 1 Agosti 1988 kipindi cha Limbaugh kikaanza kwenda nchi nzima kutoka New York, kupitia setilaiti, kikiwa na stesheni 56. Na hapa tusiharakishe, kwa sababu utajiri wote umelala hapa.

Kipindi kilitolewa bure. Malipo yalikuwa dakika. Nipige mfano kwa namba za kubuni. Una redio katika mji wa ukubwa wa Tanga. Mchana huna mtangazaji wa maana. Kumwajiri ni mshahara wake, wa mtayarishaji wake na wa mpokea simu. Mtu anakwambia: chukua kipindi changu, hulipi hata senti. Kila saa ina dakika 15 za matangazo ya biashara. Wewe uza 10 kwa wenye maduka wa mjini kwako, mimi niachie 5. Kwa masaa matatu, mwenye kipindi anapata dakika 15 kwa siku, 75 kwa wiki ya siku tano. Katika redio moja ya mji mdogo, dakika hizo hazimshughulishi mfanyabiashara mkubwa. Zikusanye kwenye redio 56, tangazo moja, siku moja, umeshapata bidhaa ya taifa. Stesheni zikafika zaidi ya 600. Ndiyo maana mwaka 2008 mkataba wake uliripotiwa kuwa wa takriban dola milioni 400 kwa miaka minane.

Basi kila alichofanya hewani kilikuwa cha kulinda dakika. Hakuwa na desturi ya kualika wageni, maana mgeni anayeboa hukuondolea wasikilizaji na huwezi kumfukuza. Alikaa na rundo la vipande vya magazeti, anasoma, anachambua, na kipaza sauti kinasikia hata karatasi zikigeuzwa. Nyumbani mnavijua vipindi vya asubuhi vya kusoma magazeti. Tofauti ni kwamba yeye hakusoma vichwa vya habari tu, alichukua habari moja akaikamua mpaka mapumziko. Simu zilichujwa na James Golden, aliyejulikana hewani kama Bo Snerdley. Limbaugh mwenyewe alisema wazi kwamba mpiga simu yupo ili kumfanya mtangazaji apendeze. Salamu na sifa zilikula muda, kwa hiyo wapiga simu wakazoea kusema neno moja, «ditto», yaani nami vivyo hivyo, kisha hoja.

Alipopoteza usikivu mwaka 2001 kazi haikusimama. Maneno ya mpiga simu yaliandikwa papo hapo kwenye skrini mbele yake, akajibu kwa kusoma. Desemba mwaka huo akapandikizwa kifaa cha kusikia sikioni.

Sasa palipovunjika. Kwenye mfumo huu mteja anayelipa si msikilizaji, ni mnunuzi wa dakika. Msikilizaji akikasirika anapiga simu na kipindi kinanoga. Mnunuzi akikasirika anaondoka na pesa. Mwaka 2003 alikwenda kuchambua mpira wa Kimarekani kwenye chaneli ya michezo ya ESPN, akadai mchezaji Donovan McNabb anasifiwa kupita uwezo kwa kuwa vyombo vya habari vinatamani Mweusi afanikiwe. Akajiuzulu ndani ya siku chache. Oktoba mwaka huohuo akakiri hewani kwamba ni mtegemezi wa dawa za maumivu, mtu ambaye miaka ya 1990 alitaka watumiaji wa dawa za kulevya wafungwe. Wasikilizaji wake hawakumwacha.

Mwaka 2012 ikawa tofauti. Sandra Fluke, mwanafunzi wa sheria chuo kikuu cha Georgetown, alizungumza mbele ya wabunge kuhusu bima kulipia vidonge vya uzazi wa mpango. Limbaugh alimwita malaya, na akaendelea kwa siku tatu. Ule ulikuwa udhalilishaji mtupu, hakuna hoja ndani yake, na hata angekuwa mtoto wa adui yake hakustahili. Kampuni zikaanza kujitoa moja moja, kisha kwa makumi. Tarehe 3 Machi akaomba radhi, lakini kampuni zikaendelea kujitoa. Na kumbuka zile dakika za stesheni: tangazo la kampuni lilikuwa likisikika ndani ya kipindi hata kama kampuni haikumchagua yeye, ilinunua muda kwenye stesheni tu. Kampuni kubwa zikaanza kuagiza: matangazo yetu yasiwekwe humo. Zilizoumia ni stesheni za mijini, ambazo hazikutamka neno lolote.

Februari 2020 alitangaza ana saratani ya mapafu. Alikuwa mvutaji wa sigara kubwa. Siku iliyofuata Rais Trump akampa Nishani ya Uhuru mbele ya Bunge. Alifariki 17 Februari 2021, umri miaka 70.

Kipindi kilikuwa kikianza saa sita mchana New York, kwenu saa moja usiku, na saa mbili majira ya baridi ya New York. Alipofariki, wasambazaji wa kipindi waliendelea kurusha sauti yake ya akiba kwa miezi, kisha Juni 2021 wakawaweka watangazaji Clay Travis na Buck Sexton kwenye masaa yaleyale. Wasambazaji washindani walikuwa wameshamweka mtangazaji mwingine, Dan Bongino, mwezi mmoja kabla, saa hiyohiyo, wakigombania stesheni zilezile, dakika zilezile.