Shali Haina Upande wa Ndani

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie shali za lesi, yaani zile za matundu yanayofumwa kwa makusudi, na shali za rangi. Nitazungumzia ugomvi wa vitu hivyo viwili, lesi na rangi, maana mara nyingi tunaviweka kwenye kazi moja bila kujiuliza kama vinapatana.

Tuanze na sweta. Sweta ina nje na ndani. Ufumaji wa rangi uliopata sifa kutoka Fair Isle, kile kisiwa kidogo kati ya visiwa vya Orkney na Shetland huko Uskoti, umejengwa juu ya jambo hilo. Katika safu moja unabeba nyuzi mbili: mmoja unafumwa, mwingine unapita nyuma umelegea, ukingoja zamu yake. Nyuma pamejaa nyuzi zinazopita, lakini nani ataziona? Zimo ndani, na tena zinaongeza joto.

Sasa ipeleke mbinu hiyo kwenye shali. Shali hukunjwa, hugeuzwa, pembe yake moja hudondoka begani na kuonyesha upande wake wa nyuma. Nyuzi zote zilizojificha zinatoka hadharani, na kila mmoja unatafuta pete au kifungo cha kunasa. Wapo wanaofuma kwa mzunguko wakapata mfuko mrefu, nyuzi zikafungiwa ndani. Kwa skafu nyembamba ni sawa. Kwa shali pana umejifumia blanketi.

Hilo ndilo ninalotaka mlichukue leo: shali haina upande wa ndani. Ukilikubali, maamuzi mengi ya rangi yatajiamua yenyewe.

Tuje kwenye matundu. Tundu la lesi hupatikana kwa kuzungusha uzi kwenye sindano, kikazaliwa kitanzi ambacho hakikupandishwa juu ya kitanzi kingine. Ili idadi ibaki ile ile, mahali fulani katika safu lazima vitanzi viwili vifumwe pamoja. Watu husifia matundu, lakini mimi husema mchoro uko kwenye hayo mapunguzo. Punguzo huegemea kulia au kushoto, na mwegemeo huo ndio unaochora ukingo wa jani. Likikaa kando ya tundu lake, mstari unakuwa mkali. Likisogezwa mbali, vitanzi vyote vilivyo katikati vinainama na kitambaa kinaanza kupinda. Humo mna utajiri mkubwa, na fundi anayehesabu matundu tu atafuma miaka mingi asiuone.

Tazameni basi waliobobea katika lesi walifanya nini na rangi. Orenburg, Urusi, wanafuma kwa sufu laini ya mbuzi iliyosokotwa pamoja na uzi mwembamba kama wa hariri. Haapsalu, Estonia, wana vile vifundo vyao: kutoka kitanzi kimoja unatoa vitano, saba au tisa, na safu inayofuata unavifunga vyote kwa pamoja. Unst, huko Shetland, wana shali nyembamba kiasi cha kupita yote ndani ya pete ya ndoa, na Orenburg nao wanajisifia jaribio hilo hilo. Kazi mashuhuri za sehemu zote tatu huwa na rangi moja, nyeupe mara nyingi, au kijivu ya mbuzi mwenyewe. Si kwamba rangi zilikosekana. Tundu ni mchoro wa mwanga, na rangi nyingine ikiingia jicho haliwezi kuufuata.

Kwa hiyo uzi ule wa madoadoa, unaobadilika rangi kila baada ya sentimita chache, ambao sote tunaununua kwa sababu unapendeza ukiwa bado umeviringwa, ni adui wa lesi. Msinikasirikie. Ufumieni kitu kisicho na matundu, kwa kitanzi cha kawaida katika kila safu, kwenda na kurudi, nao utang'ara.

Je, basi hakuna ndoa kati ya tundu na rangi? Ipo, na nzuri kuliko zote naiona kwenye shali za kazi za Shetland, zile zinazoitwa hap, ambazo wanawake walijifunga kila siku kwa ajili ya baridi. Katikati ni mraba uliofumwa bila matundu. Kuuzunguka kuna mpaka wa mawimbi, kisha pindo la nje. Wimbi moja lina vitanzi 18: unafuma viwili viwili pamoja mara tatu, unazungusha uzi na kufuma kimoja mara sita, kisha viwili viwili mara tatu tena. Mapunguzo sita, maongezo sita, hesabu imefunga. Kwa kuwa mapunguzo yamerundikana mahali pamoja na maongezo mahali pengine, kitambaa kinasukumwa juu na chini chenyewe. Na katika safu nne, ni moja tu yenye kazi hiyo.

Rangi huingia kwa mistari: nyeusi ya kondoo, kahawia, kijivu, hadi nyeupe, kisha hurudi. Fundi anashika uzi mmoja tu kwa wakati mmoja. Hakuna kinachoning'inia nyuma, na mstari ulionyooka unageuka wimbi kwa sababu tundu limeusukuma. Hapo rangi inafanya kazi ya tundu ionekane, haishindani nayo.

Ukitaka mchoro wa rangi hasa, fuma safu mbili mbili kwa uzi mmoja, na vitanzi vya rangi ya pili uviteleze hadi sindano ya pili bila kuvifuma. Nyuma zinapita nyuzi fupi za kitanzi kimoja hadi vitatu, hazinasi. Na kabla ya kuanza, piga picha nyuzi zako kisha uiondolee rangi. Nyekundu na kijani zinazogombana machoni huweza kutoka kijivu kimoja, na mchoro wako hautaonekana kwa mbali.

Kidogo kuhusu kiasi cha uzi, kwa sababu hapa watu hulia. Shali ya pembetatu inayoanzia ncha moja na kuongezeka sawasawa hadi safu 100 haimalizi nusu ya uzi kwenye safu ya 50. Pale umetumia robo tu. Nusu inafika karibu na safu ya 71, na safu 29 za mwisho zinakula nusu nyingine. Kwa hiyo mstari wa rangi mnaoupanga mwishoni, hata ukiwa mwembamba, ndio wenye njaa. Pimeni kwa mizani, msikadirie kwa macho.

Nimeletewa swali kwenye karatasi: mbona shali yangu ikishatoka kwenye sindano ni kama kitambaa kilichokunjamana? Ndivyo lesi yoyote inavyotoka. Iloweshe, ikamue kwa taulo bila kuisokota, ivute, uibane kwa pini hadi ikauke kabisa. Maji hulegeza viungo vidogo vilivyo ndani ya unyoya wa sufu, na vikikauka hujifunga upya katika umbo ulilolivuta. Ukiifua, utarudia. Akriliki haitii maji kwa namna hiyo, inataka mvuke, na mvuke ukizidi kitambaa hulegea na hakirudi tena. Kwa shali ya rangi, lowesha kwanza kipande cha kila uzi juu ya kitambaa cheupe, hasa mwekundu na buluu iliyokolea. Uzi unaochuja rangi ufuliwe peke yake hadi maji yatoke safi, kabla haujakaa karibu na mweupe.

Haya, karatasi inayofuata.