Mke Asiye na Mjomba

Wakubwa zangu, shikamooni. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuandika riwaya ya nyakati mbili, yaani inayosimulia zamani na leo pamoja, inayohusu ndoa na madaraka. Nitashika jambo moja tu, kwa sababu tupo Mikindani na jambo lenyewe ni la hapahapa.

Wamakonde, kama majirani zetu Wamakua, Wayao na Wamwera, tulihesabu ukoo kwa mama. Mwanamume akioa alihamia ukweni, akalima, na watoto aliozaa walikuwa chini ya mjomba wao. Akimtesa mkewe, mjomba huyo mlangoni. (Msicheke, wengine humu wajomba hao mnawajua.) Basi mwenye mali akatafuta njia ya mkato: akachukua mwanamke mtumwa. Mateka aliyetolewa bara hana mjomba, hana ukoo wa kudai watoto, hana pa kurudi wakigombana. Watoto wakabaki wa baba. Huyo ndiye mhusika wa wakati wa kwanza.

Mwaka 1895 Wajerumani wakajenga boma pale juu. Utumwa hawakuufuta, ulifutwa 1922, wakati wa Waingereza. Ila mtumwa aliweza kujikomboa akapewa hati ya uhuru hapo bomani. Mwandishi asiharakishe kumpandisha bomani. Akiondoka na hati, watoto anamwachia nani? Kurasa hamsini zimo hapo.

Wakati wa pili, tafadhali, usiingie kwa pete ya bibi iliyokutwa sandukuni. Tumeichoka. Uingie kwa swali lilelile: nani atamsemea? Mwanamke wa leo yuko Newala, mikorosho kaipalilia na kuipulizia salfa miaka yote, shamba lina jina la mume. Mjomba anaye, lakini yuko Dar es Salaam, simu hapokei. Imebaki Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, inayotaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja katika mali. Je, kupika na kulea ni mchango? Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema ndiyo.

Wengi huishia hapo wakishangilia. Someni hukumu mpaka mwisho. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, maana mahakama iliona fedha alizokwisha kupewa na mumewe alizitapanya. Mimi riwaya ningeianzia hapo, mawifi na mashemeji wakiwa bado nje ya mahakama wanabishana nani kashinda.