Wewe unayeuguza, nani anakushikia zamu?

Haya jamani, asanteni kwa kuja kuongelea kikundi chetu cha wanaouguza, na wale walioshindwa kuja hao hasa ndo nataka tuwaongelee, maana anayeuguza mgonjwa wa kiharusi nyumbani hawezi kutoka tu hivihivi akaja kukaa hapa. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza inabidi umgeuze kila baada ya masaa mawili, usiku na mchana, la sivyo vidonda vinaanza matakoni na visiginoni, sasa hesabuni wenyewe usingizi unabaki wapi. Kumlisha nako kazi, umkalishe wima, kijiko kidogokidogo, wengi wanapaliwa na maji kuliko uji mzito, yaani kifungua kinywa tu asubuhi yote imeisha. Ndugu wanapiga simu, "mgonjwa anaendeleaje?" Wewe umekula? Hakuna anayeuliza. Na presha yako unayo, vidonge vimeisha tangu juzi.

Sasa vikundi vingi vikianzishwa vinakimbilia kutafuta mtaalamu wa kuja kuongea (kama mimi hapa, haha). Sikatai, kuongea kunasaidia, tena kuna mambo huwezi kumwambia wifi yako, kwamba kuna usiku unamchoka mgonjwa mpaka unamchukia, ila ukisema hivyo kwa wanaouguza wenzako hakuna atakayeshtuka. Lakini mimi ningeanza na zamu. Wawili wabaki na wagonjwa, wengine waje, wiki ijayo mnabadilishana, na asiyeweza kutoka kabisa atume voisi WhatsApp.

Kule Uganda TASO, shirika la kusaidia wenye UKIMWI na familia zao, ilianza hivyohivyo 1987, Noerine Kaleeba na wenzake, mume wake alikuwa amefariki kwa UKIMWI mwaka huohuo, walikuwa watu wachache tu wanakutana na kushikana mkono, wagonjwa na familia zao, hawakusubiri jengo.

Na hela tusione aibu kuitaja. Upatu wa sare za harusi tunacheza, basi tuwe na mfuko wa pampasi, maana za watu wazima bei yake mnaijua.

Kuna baba kaniuliza pale nje kama wanaume wanaruhusiwa. Mnaruhusiwa sana, tena tunawahitaji kwenye kunyanyua, ila mtafundishwa kwanza, unakunja magoti kidogo, mgonjwa unamsogeza karibu na kifua ndo unanyanyuka naye, ukimvuta kwa nguvu ya kiuno chako kesho tutakuwa na wagonjwa wawili nyumba moja.