Funga matiboksi dogo kwenye kamera yako, uzibe mwanya wa nyuma

Karibuni wadau. Leo tunafunga matiboksi dogo, lile boksi jeusi linalokaa mbele ya lenzi, kwenye kamera ndogo, iwe DSLR (yenye kioo ndani) au mirolesi (isiyo na kioo). Ni kweli linaifanya kamera ionekane ya bei mbaya mbele ya mteja, ila kazi yake ni mbili tu: kukinga mwanga usiohitajika usigonge lenzi, na kushika filta za kioo.

Kabla ya kufungua boksi, washa kamera, zungusha fokasi, na utazame mdomo wa lenzi. Unazunguka? Baadhi ya zile lenzi za mm 18-55 zinazokuja na kamera, mdomo wote huzunguka. Ukibana matiboksi hapo litazunguka nalo, na mota ya otofokasi itabeba mzigo usio wake. Lenzi ya namna hiyo, au inayorefuka sana ukizumu, usiibane. Boksi libebe kwa rodi mbili, yaani fimbo zenye kipenyo cha mm 15, chini ya kamera. Kati ya rodi na rodi, katikati kwa katikati, ni mm 60, kwa hiyo hata ukinunua kitako cha rodi cha kampuni nyingine zitaingia.

Mdomo wa lenzi yetu umetulia, tunabana moja kwa moja. Soma namba iliyo pembeni ya alama ya duara lililokatwa mstari: 67, 72, 77 au 82. Hiyo ndiyo saizi ya ringi unayohitaji, ile inayofungwa kwenye mdomo wa lenzi ili boksi likae juu yake. Ukiiweka, izungushe kwanza kushoto taratibu mpaka uhisi imedondoka kidogo, "tik", ndipo uzungushe kulia. Ukilazimisha kulia tangu mwanzo, meno yanapandana na ringi haitoki tena. Kaza kwa vidole viwili, inatosha.

Vika matiboksi juu ya ringi, linyooshe lilingane na kamera, kisha kaza skrubu ya pembeni. Sasa zungusha ringi ya fokasi. Ikiwa nzito kuliko mwanzo, umekaza mno, legeza kidogo.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Tazama nyuma ya boksi, kati ya filta na lenzi. Unaona mwanga unapenya? Tuseme uko Coco Beach saa kumi alasiri, unapiga kuelekea baharini. Jua liko mgongoni kwako, linaingia kwa nyuma na kugonga kioo cha filta, na kioo kinakuwa kama cha kunyolea. Kwenye picha utaona ukungu kwenye sehemu nyeusi, na ukichunguza vizuri, yale maandishi meupe yaliyo kwenye mdomo wa lenzi yanaelea angani, yamegeuzwa. Hakuna programu ya kuhariri itakayoyaondoa kirahisi. Dawa ni ringi ya mpira au ya kitambaa inayojaza mwanya. Huna? Kata sponji nyeusi, itoboe duara dogo kidogo kuliko lenzi ili ibane. Maandishi yenyewe yafunike kwa utepe wa karatasi wenye gundi, mweusi usiong'aa.

Sasa filta, zile nyeusi za kupunguza mwanga ziitwazo ND. Tunarekodi fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni hezi 50, taa nyingi hazitapepesa. Kwenye jua kali la saa saba, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 100, kipimo cha mwanga kitakuambia uwazi wa lenzi uwe karibu f/22. Ukitaka f/2.8, uwazi mkubwa zaidi, ili nyuma ya msemaji kufifie, unapunguza stopu 6; kila stopu hukata mwanga nusu. Kila ND 0.3 ni stopu moja, kwa hiyo weka ND 1.8. Kama kamera yako kwenye logi (modi ya picha iliyopauka, ya kurekebishwa rangi baadaye) haishuki chini ya ISO 800, ongeza stopu 3: ND 0.9 nyingine. Filta ikiwa moja, iweke kwenye nafasi ya filta iliyo karibu na lenzi, kona zitabaki safi.

ND nzito za bei rahisi hupitisha mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Suti nyeusi ya bwana harusi inageuka damu ya mzee, na ukirekebisha rangi, ngozi nayo inaharibika. Nunua ND iliyoandikwa IR, yaani inayozuia infraredi.

Kisha kibao cha juu, kile cha kukinga jua juu ya boksi. Jua la Dar mchana liko utosini, kwa hiyo hiki kina kazi kuliko vibao vya pembeni, ambavyo utavihitaji zaidi asubuhi na jioni. Zumu lenzi ipanuke mwisho, weka f/16, fokasi mbali kabisa, elekeza angani. Teremsha kibao mpaka ukingo wake uonekane juu ya fremu, halafu kipandishe kidogo. Washa kituliza mtikisiko na utembeze kamera huku unarekodi, maana sensa ikisogea kona zilizojificha huchungulia.

Upepo wa pwani ukizidi, kibao kinakuwa tanga na picha inatetemeka. Kivue, mwambie msaidizi ashike mwavuli mweusi juu ya lenzi.

Ukimaliza, toa filta kwanza ndipo uvue boksi. Usizifute zikiwa kavu: chumvi na mchanga vitakwaruza. Zipulize kwa pampu ya mkono, kisha futa kwa kitambaa laini chenye unyevu wa maji safi. Skrubu zifute nazo, hasa zile za chuma, zinashika kutu haraka.